Muundo, Dhima na Mbinu katika Uhakiki wa Mashairi

Maneno matatu yametawala masomo ya chuo kikuu kupita mengine: muundo, dhima na mbinu. Mwanafunzi wa elimu ya viumbe huyasikia asubuhi afundishwapo habari za moyo na mapafu. Huyasikia tena adhuhuri katika darasa la sarufi. Na alasiri, aingiapo katika darasa la fasihi, huyakuta yamemtangulia na kuketi mbele. Kwa kuwa maneno ni yale yale, hudhani ya kwamba na mambo ni yale yale. Dhana hiyo imezaa ugonjwa mmoja wa uhakiki wa Kiswahili, ambao dalili zake huonekana katika insha nyingi za wanafunzi na, si mara chache, katika vitabu wavisomavyo. Insha hutaja muundo wa shairi: beti kadha wa kadha, mishororo minne, mizani 16. Hutaja mbinu: takriri, tashbihi, tashihisi, maswali ya balagha. Kisha hutaja dhima: kuelimisha, kuonya, kuburudisha. Orodha tatu zimekamilika, alama zimepatikana, na shairi halijasomwa.

Yafaa basi kuuliza kila somo hutaka nini kwa maneno hayo, na fasihi ilipoyapokea ilipokea kitu gani.

Elimu ya mwili wa binadamu ina mfano ulio wazi sana. Mwaka 1603 Girolamo Fabrizi, mwalimu wa elimu ya mwili katika chuo kikuu cha Padua, Italia, alichapisha kitabu juu ya vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa irudishayo damu moyoni. Alivitazama, akavichora kwa uangalifu mkubwa, akaonyesha mahali pake katika mkono na mguu. Kwa upande wa muundo hakuacha mengi ya kuongezwa. Lakini alipotaka kueleza kazi ya vilango hivyo alisema ya kuwa vyapunguza mwendo wa damu, isije ikajaa miguuni na mikononi. Maana aliamini, kama walivyoamini waganga tangu zama za Galen, kwamba damu ya mishipa ile hutoka ndani kwenda viungoni. Mwingereza aliyepata kusoma Padua, William Harvey, alivitazama vilango vile vile. Akaufunga mkono wa mtu kwa kitambaa, akaubonyeza mshipa kwa kidole, akaona ya kuwa damu hupita upande mmoja tu, nao ni upande wa kurudi moyoni. Kitabu chake cha mwaka 1628 kikaigeuza elimu yote ya mwili. Katika miaka 25 iliyopita kati ya vitabu hivi viwili vilango havikubadilika, wala michoro ya Fabrizi haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni kuujua mwendo wa kitu kizima ambamo vilango vile vilifanya kazi.

Mhakiki wa mashairi anayo mengi ya kujifunza katika habari hii. Kuna uhakiki wa Fabrizi, wenye hesabu sahihi ya mizani na michoro mizuri ya vina, usiojua damu yaelekea wapi. Na kuna kidole cha Harvey, yaani ule ujasiri wa kuzuia kitu mahali pamoja ili ionekane ni kipi kinachosimama mahali pengine. Lakini mfano wa mwili una mpaka wake, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kilango cha mshipa hufanya kazi ile ile katika mwili wa kila mtu, awe Mwingereza au Mdigo, awe sultani au mchukuzi. Aliyeijua kazi yake mara moja ameijua daima. Kina cha shairi hakina tabia hiyo. Aliyejua kilifanya nini katika shairi moja hajajua bado kinafanya nini katika shairi la pili.

Sarufi iko karibu zaidi na ushairi katika jambo hili. Kitazamwe kiambishi kidogo cha -ni. Katika «nyumbani» huonyesha mahali, katika «njooni» huonyesha kuwa waitwao ni wengi, katika «wafanyani?» ni swali, maana ni «nini» iliyofupishwa, na katika «nawaambieni» huwakusanya wanaoambiwa. Umbo ni moja, kazi ni nne, na hakuna awezaye kuitambua kazi kwa kulikodolea macho umbo peke yake. Lazima atazame neno lililobeba kiambishi, na sentensi iliyolibeba neno. Kinyume chake ni kweli pia: kazi moja ya kukanusha hufanywa na si-, na ha-, na -si-, na -to-. Mwanafunzi wa sarufi hufundishwa jambo hili mapema, wala haoni ajabu. Saa mbili baadaye, katika darasa la fasihi, mwanafunzi huyo huyo huandika ya kwamba dhima ya takriri ni kusisitiza, kana kwamba takriri haijapata kuchosha, kubembeleza, kudhihaki wala kulaza mtoto.

Hata hivyo sarufi nayo si ushairi. Msemaji hana hiari ya kuiacha -ni katika «nyumbani» na kuweka kingine akipendacho; lugha imekwisha kumwamulia. Mtunzi ana hiari. Angeweza kuchagua utenzi, akachagua shairi la mizani 16; angeweza kuuliza, akaeleza. Uchaguzi huo ndio umpao mhakiki kazi.

Namna maneno haya yalivyoingia katika elimu ya fasihi haikuwa kwa bahati. Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp alichapisha uchunguzi wake wa ngano 100 za Kirusi, akauita «mofolojia», na mwenyewe alieleza kuwa neno hilo amelitwaa katika elimu ya mimea. Alionyesha kwamba wahusika wa ngano hubadilika lakini matendo yao makuu ni machache, akayahesabu kuwa 31, akayaita kazi. Kwake yeye kazi ni tendo la mhusika likitazamwa kwa maana yake katika mwendo wa hadithi. Katazo ni kazi; kulivunja katazo ni kazi. Kazi hizo zimo ndani ya hadithi na haziitoki. Zaidi ya robo karne baadaye, mwaka 1954, Mmarekani William Bascom, mtaalamu wa elimu ya jamii na mila, aliandika juu ya kazi nne za masimulizi: kufurahisha, kuhalalisha utamaduni na desturi zake, kuelimisha, na kuwaweka watu katika mwenendo uliokubaliwa. Kazi hizi hazimo ndani ya hadithi hata kidogo. Ni kazi za hadithi katika mji wa watu wanaoisimulia.

Kiswahili hulitumia neno moja, dhima, kwa mambo haya mawili yaliyo mbalimbali, na machafuko mengi yametoka hapo. Ichukuliwe ngano ya kisima, ijulikanayo mahali pengi. Wanyama wote wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba, anakatazwa maji, anamdanganya mlinzi mmoja baada ya mwingine, mpaka Kobe anapojipaka ulimbo mgongoni, anajificha majini na kumnasa. Mwanafunzi akiulizwa dhima ya ulimbo katika ngano hii, aghalabu hujibu: kuifundisha jamii ubaya wa uvivu. Jibu hilo huenda likafaa kwa swali jingine. Lakini ulimbo katika ngano una kazi iliyo dhahiri zaidi, nayo ni kumshinda mwenye maneno kwa kitu kisichosema. Walinzi wote waliotangulia walishindwa kwa sababu walimsikiliza Sungura. Kobe hakumsikiliza, alinyamaza chini ya maji, na mgongo wake ukashika. Asiyeliona hilo hataona kwa nini wasikilizaji hucheka panapochekwa, na funzo lake la uvivu litabaki limening'inia nje ya hadithi kama nguo juu ya kamba. Dhima ya nje hujengwa juu ya dhima ya ndani. Anayeanzia nje hafiki ndani kamwe, kwa kuwa jibu lake huwa limekwisha kupatikana kabla ya kusoma.

Ama neno mbinu, historia yake ni fupi. Mrusi mwingine, Viktor Shklovsky, aliandika mwaka 1917 insha iliyoifanya mbinu kuwa msingi wa sanaa yote. Hoja yake ilikuwa kwamba mazoea huua kuona, na kwamba mbinu hukifanya kitu kilichozoewa kiwe kigeni ili kionekane upya. Mfano wake mashuhuri ni hadithi ya Tolstoy ambamo farasi hueleza jinsi anavyoustaajabia umilikaji wa mali wa wanadamu. Katika hoja hiyo limefichika jambo ambalo vitabu vya shule vimelisahau: mbinu huonekana kuwa mbinu mbele ya mazoea fulani tu. Pasipo mazoea hapana ugeni, na pasipo ugeni hapana mbinu.

Uzito wa jambo hili katika Kiswahili ni mkubwa kuliko ulivyo katika lugha nyingi, kwa sababu mazoea ya Kiswahili ni zaidi ya moja. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, hasa kuanzia miaka ya 1930. Mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hiyo sanifu hukutana na shairi la Mombasa, akaona «ndia» mahali pa njia, «mato» mahali pa macho, «nti» mahali pa nchi. Mara huandika: mshairi ametumia tabdila, dhima yake ni kutosheleza vina. Hapana tabdila yoyote. Mtunzi amesema Kimvita, lugha aliyoinyonya kwa mama yake, nayo haikupindwa wala kubadilishwa kwa ajili ya kina chochote. Kosa hili ni sawa kabisa na lile la Fabrizi: umbo limeonwa vyema, na mwendo wa damu umedhaniwa kinyume. Tena lina ubaya zaidi, maana humfundisha mwanafunzi wa Mombasa, Lamu au Pemba kwamba usemi wa nyumbani kwao ni uhuru wa kishairi, yaani kosa lililosamehewa. Na hata pale ambapo mtunzi amefupisha au amerefusha neno kwa kweli, kusema kwamba dhima yake ni kutosheleza mizani ni kutaja sababu ya fundi, wala si kazi iliyofanyika katika shairi. Seremala hukata ubao ili uingie mlangoni. Mwenye nyumba hutaka kujua mlango unaelekea wapi.

Kutokutofautisha mambo haya kuliuharibu kwa kiasi kikubwa mjadala maarufu wa ushairi wa miaka ya 1970. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alikuwa ametoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Watu wengi humkumbuka kama mtu wa sheria. Wachache hukumbuka sababu aliyoiweka chini ya sheria hizo, nayo ni kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika limepoteza maana yake. Sababu hii ni dhima, tena dhima iliyo wazi. Mwenye kughani ana pumzi yenye kipimo na sauti yenye mapito. Kipande cha mizani 8 kikifuatwa na kingine cha mizani 8 huipa sauti mahali pa kupanda na mahali pa kutua, na kina humwonyesha msikilizaji kuwa ametua. Mahali penye waghani na wasikilizaji, sheria za Amri Abedi ni maelezo ya kazi inayofanyika kweli.

Alipokuja Euphrase Kezilahabi na Kichomi mwaka 1974, naye alikuwa na dhima yake. Alikusudia kuileta lugha ya mazungumzo ya kila siku katika ushairi, na lugha hiyo haitembei kwa hatua nane nane. Baada yake Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara, mwaka 1976, na wanajadi wakapaza sauti. Yangaliweza kutokea mazungumzo yenye faida kubwa: shairi lisomwalo kimya katika karatasi ladai nini, na lile liimbwalo ladai nini? Kipimo cha sauti kikiondolewa, ni kitu gani kitakachomwambia msomaji mahali pa kusimama? Badala yake pande zote mbili mara nyingi ziliushika muundo kama kitu chenye tabia ya kudumu. Kwa upande mmoja vina na mizani vilikuwa ndiyo roho ya shairi kila mahali na kila wakati. Kwa upande wa pili vilikuwa pingu za fikira, nazo pia kila mahali na kila wakati. Wote waliuchukua muundo jinsi mganga anavyokichukua kilango cha mshipa, chenye kazi moja katika kila mwili. Mashairi yenyewe, ya zamani na mapya, yalikuwa mezani yakingoja kusomwa. Mtu akisoma «Ngoma na Vailini» la Ebrahim Hussein ataona mara moja kwa nini mizani isiyobadilika isingelifaa: shairi laziweka sauti mbili zimgombanie mtu mmoja, na kipimo kimoja kingekuwa kimekwisha kuipa ushindi sauti mojawapo.

Lakini hoja ya makala haya haitapata nguvu kwa kutaja mashairi kwa haraka. Itazamwe kazi moja iliyo kuu, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Muundo wake wajulikana: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 10, na pumziko baada ya mizani ya 6, mishororo mitatu ya kwanza hushirikiana kina kimoja, na wa nne hurudia kina cha -ye tangu mwanzo hata mwisho. Maudhui yake nayo yajulikana. Mtunzi huuonya moyo wake juu ya udanganyifu wa dunia, akauonyesha mji wa Pate uliokuwa na fahari na sasa ni magofu. Haya yote yamo katika vitabu, na yote ni kweli.

Sasa atazame msomaji yale magofu. Katika nyumba za mawe za pwani ile, kuta za ndani hupangwa vidaka vya chokaa vilivyochongwa, vya kuwekea sahani za kigeni na vyombo vya thamani. Mtunzi hasemi kwamba vidaka vimebomoka. Vidaka vipo. Vilivyotoweka ni vyombo, na mahali pake wamelala makinda ya ndege. Vyumba vipo, ndani yake bundi akikoroma na mende wakivuma. Kumbi zipo, na nyenje hulia ndani yake. Viango vipo, wamevitua ndege wa porini. Nyumba hizi zimehifadhi muundo na zimepoteza kazi, au tuseme zimepata kazi nyingine wasiyoikusudia waliozijenga. Hofu ya Al-Inkishafi imekaa hapo. Nyumba iliyoanguka yote haitishi sana; ni mawe. Nyumba iliyosimama, yenye kila kidaka mahali pake, ikimtumikia bundi kama ilivyomtumikia tajiri, bila ya kujua tofauti, hiyo ndiyo itishayo. Pengine hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyewahi kufikiri juu ya muundo na dhima kwa kina kuliko huyu Sayyid wa Pate, ambaye hakuyatumia maneno hayo.

Na kina cha -ye chafanya nini hapo? Kitabu cha shule kitasema: chaleta mapigo na utamu. Lakini kina hiki ni kimoja. Hufunga ubeti wa taa za fahari zilizoufanya usiku kuwa mchana, na hufunga ubeti wa bundi. Mwisho wa utajiri na mwisho wa uharibifu husikika sikioni kwa sauti moja. Mishororo mitatu ya kwanza hubadilisha kina kila ubeti, kama dunia ibadilishavyo mapambo yake. Wa nne haubadiliki, wala haujali kilichosemwa kabla yake. Kikizuiwa hapo kwa kidole cha Harvey, yaani mtunzi akipewa kina kimoja kwa beti za fahari na kingine kwa beti za magofu, utamu wa sauti hautapungua hata kidogo. Kitakachopungua ni ule usawa wa kutisha. Jambo hilo haliwezi kuelezwa kwa neno «mapigo».

Wala halihamishiki. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ambamo mama wa Siu humwusia binti yake, una kina cha mwisho kisichobadilika vile vile. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, wenye beti zaidi ya 1,100 za vita vya Mtume, unacho. Katika Tambuka kina hicho humshika mkono msikilizaji katika safari ndefu ya masimulizi, asipotee usiku unapokuwa mwingi. Katika wasia wa Mwana Kupona chafanana zaidi na sauti ya mama anayerudi kila mara kwenye jambo lake, akitaka likae moyoni mwa mtoto. Kusema kwamba tenzi hizi tatu zina «muundo wa utenzi, wenye dhima ya kuelimisha» ni kusema kweli isiyo na manufaa. Tena Al-Inkishafi, kwa mizani yake 10 mahali pa 8, hutembea polepole kuliko tenzi za kawaida, na asiyeipima kwa sauti hatajua kwa nini ina uzito wa mtu atembeaye katika nyumba tupu.

Maswali ya shairi hilo hilo yanadai neno moja. Mtunzi huwaita watu kwa majina, wamo na wa ukoo wake, akauliza wako wapi. Insha zitasema ni maswali ya balagha, na dhima yake ni kumfanya msomaji afikiri. Dhima hiyo hupewa kila swali la balagha lililopata kuandikwa. Hapa swali lina jina la mtu ndani yake, na jina hilo huwafanya waulizwao wasiwe wafalme wa hadithi. Ni watu wa nyumbani. Moyo ulioulizwa unajua jibu, na haujibu.

Kwa upande wa mbinu, fumbo latoa ushahidi mzuri kuliko zote, kwa kuwa Waswahili wamelitumia katika kila daraja ya usemi. Katika kitendawili fumbo hutegwa ili liteguliwe papo hapo, na asiyeweza hutoa mji. Uzuri wake umo katika ufupi wa maisha yake. Katika mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa zama za Mazrui waliposhindana na Seyyid Said, fumbo lina wasikilizaji wa aina mbili kwa wakati mmoja: watu wa upande wake, ambao wanacheka, na watu wa upande wa pili, ambao lazima waulize wamecheka nini. Mbinu ni moja. Katika kitendawili hukusanya watu, katika siasa ya Muyaka huwatenga. Si ajabu kwamba mashairi hayo yalidumu vinywani mwa watu wa Mombasa miongo kadhaa baada ya mtunzi kufa, mpaka Mwalimu Sikujua na William Taylor walipoyakusanya. Vina navyo vilikuwa na kazi hapo, maana neno lililosahauliwa katika shairi lenye vina huacha tundu lionekanalo.

Abdilatif Abdalla, mtu wa Mombasa pia, alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya karatasi ya siasa aliyoiandika. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, aliyatunga gerezani, akayaandika kwenye karatasi za chooni. Mojawapo ni «Mamba», lihusulo mamba mmoja wa mtoni aliyejawa na kiburi, anayejidhania kuwa nguvu zake hazina mwisho. Mtunzi mwenyewe hutangaza mapema ya kuwa amelifumba neno kwa ajili ya wawezao kulifumbua. Mwanafunzi akiandika hapa «fumbo, dhima: kuleta mvuto» amemkosea adabu mtu aliyekuwa ndani. Fumbo hili halina haja ya mvuto. Lina haja ya kudumu: lazima libaki kufumbwa mbele ya askari wa gereza, na libaki kuwa jepesi mbele ya yeyote ambaye siku moja karatasi ile itamfikia. Kitendawili kikidumu kufumbwa kimeshindwa. Hili likifumbuka mapema limemwangamiza mwenyewe.

Na muundo wake umeafikiana na haja hiyo. Mtunzi, ambaye alilijua vyema shairi la vipande viwili vilivyo sawa, hapa amekigawa kila mshororo katika kipande kifupi cha mizani 4 na kirefu cha mizani 8. Katika mizani 4 hapana nafasi ya kueleza. Pana nafasi ya kutaja tu. Neno hutajwa, sauti hukatika, kisha kipande kirefu huja na yale ambayo mamba anajidai au yale ambayo yatampata. Shairi zima huenda kwa kushtua na kunyamaza, kama mtu asemaye huku akiusikiliza mlango. Vipande vingesawazishwa, mamba angepata nafasi ya kuelezwa, na kuelezwa ndiko kulikokuwa hatari.

Mwalimu atakaye kuliona jambo hili katika mtihani hana haja ya kuwauliza wanafunzi maana ya fumbo, wala idadi ya mizani. Anaweza kuwapa beti tatu za Al-Inkishafi kama zilivyo, na kando yake beti zizo hizo zilizobadilishwa kina cha mwisho na mtu hodari, mizani zikiwa kamili, maana ikiwa ile ile, tamathali zote zikiwa mahali pake. Kisha awaombe waandike ukurasa mmoja juu ya kitu gani kimeondoka. Atakayejibu kwamba hakuna kilichoondoka, kwa kuwa vina bado vipo, na apewe kitabu cha Fabrizi na mkono wa kufunga kitambaa.